Beni–Butembo: Je, piloti anayeruka kwa macho anapaswa kuelewa ramani za kushuka kwa vyombo?

Kwa mkaaji wa Beni na Butembo, ndege si tena usafiri wa matajiri peke yao. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23. Mwisho wa Januari 2025 ikafuata Goma. Kiwanja cha ndege cha kule kilifungwa, barabara ya taifa namba 2 ikakatika, na utawala wa jimbo ukahamia Beni. Upande wa Komanda na upande wa Kasindi, waasi wa ADF wameshambulia magari mara nyingi. Basi mgonjwa anayetumwa kwa daktari mkubwa Kinshasa, mfanyabiashara wa Butembo, mwanafunzi na mfanyakazi wa msaada, wote macho yao yako Mavivi ao Rughenda.

Ndani ya hali hiyo kuna swali ambalo kwa kawaida wanaliongea mafundi wa ndege kati yao, lakini linamgusa kila mtu anayepanda. Ndege ndogo na helikopta nyingi zinaongozwa kwa macho: piloti anatazama mlima, mto, barabara na kiwanja, kisha anatua. Ndege zingine zinashuka kwa kufuata vyombo, na piloti wake ana ramani maalumu mbele yake. Je, yule wa macho anapaswa kuielewa ramani ya yule wa vyombo?

Wako wanaosema hapana, kila mtu abaki na kazi yake. Uchambuzi huu unasema ndiyo, lakini ndiyo yenye mpaka. Aielewe ili ajue wenzake wanapita wapi, milima iko wapi, na wakati gani anapaswa kugeuka. Asiitumie kujishusha ndani ya mawingu.

Kuruka kwa macho, kuruka kwa vyombo

Tuanze na maneno yenyewe, kwani yanachanganya watu. Kuruka kwa macho, mapiloti wanaita VFR. Kuruka kwa vyombo wanaita IFR. Tofauti haiko kwenye ukubwa wa ndege peke yake. Iko kwenye swali hili: nini kinamzuia piloti asigonge mlima ao ndege nyingine? Kwa VFR ni macho yake. Kwa IFR ni njia iliyopimwa mbele ya wakati na kuandikwa, vyombo vilivyo mbele yake, na mwongozaji wa ndege anayesema naye kwa redio.

Juu ya hiyo, sheria za kimataifa zinampa piloti wa macho masharti. Katika anga inayoongozwa, kwa vimo vya kawaida vya ndege ndogo, anapaswa kuona mbele kilometa 5 kwa uchache. Anapaswa kubaki mita 1500 mbali na mawingu kwa upande, na mita 300 juu ao chini yake. Ukungu ukiingia na hesabu hiyo ikavunjika, safari ya macho imekwisha. Anageuka, anangoja, ao anatua pahali pengine.

Kwa IFR kunatakiwa vitu vitatu: piloti mwenye leseni ya vyombo, ndege yenye vifaa, na kiwanja chenye njia ya kushukia iliyotangazwa rasmi. Viwanja vikubwa kama N'djili ya Kinshasa, Bangoka ya Kisangani na Entebbe ya Uganda vinazo njia hizo. Rughenda, juu ya kilima chake pale Butembo, ni kiwanja cha kutua kwa macho. Piloti mmoja anaweza kutoka Rughenda asubuhi kwa macho, na saa sita mchana akawa Bangoka ao Entebbe katikati ya ndege kubwa zinazoshuka kwa vyombo. Hapo ndipo swali letu linaanza kuwa la kweli.

Nini kiko ndani ya karatasi hiyo

Ramani ya kushuka kwa vyombo ni ukurasa mmoja, siku hizi mara nyingi ndani ya tableti. Mtu asiyeizoea anaona mistari na tarakimu tu. Lakini ukiisoma polepole, unaona inajibu maswali ya kawaida kabisa: nitumie masafa gani ya redio? Nikaribie kutoka upande gani? Nishuke mpaka kimo gani, na wapi? Nisipoona kiwanja, nirudi juu kwa njia gani?

Kuna sehemu moja ambayo hata piloti wa macho angepaswa kuijua kwa moyo. Ni duara linaloonyesha kimo salama cha chini kabisa. Linafika kilometa 46 kuzunguka kiwanja ao mtambo wa redio, na kwa kila upande limeandikwa kimo ambacho ukikaa juu yake unapita kizuizi kirefu zaidi kwa mita 300 kwa uchache. Hapana hesabu ya kufanya kichwani. Kuna namba moja kwa upande huu, namba nyingine kwa upande ule.

Huku kwetu namba ya namna hiyo ina uzito. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Mavivi mpaka kilele cha Margherita, juu ya Ruwenzori, ni karibu kilometa 50 hivi. Kilele hicho kina mita 5109, na siku nyingi kimefunikwa na mawingu. Mtu anaweza kufanya kazi wiki nzima Beni bila kukiona. Kusini-mashariki ya Butembo kuna Tshiaberimu, karibu mita 3100, na milima ya Lubero inapita mita 2000 pahali pengi. Mlima usiouona haujaondoka.

Tena kuna hesabu ya kimo yenyewe. Vimo vya ramani hizi vinahesabiwa kutoka usawa wa bahari. Piloti aliyezoea Kisangani, mji ulio karibu mita 400 juu ya bahari, akisoma mita 2000 kwenye chombo anajua ana nafasi kubwa chini yake. Butembo iko kwenye mita 1700 na zaidi. Mita 2000 zilezile juu ya Butembo haziachi hata mita 300 mpaka kwenye mabati ya nyumba. Na asipoweka sawa chombo cha kimo kulingana na hewa ya siku hiyo, kosa la hektopaskali 10 peke yake linampoteza mita 80 ao zaidi. Aliyejifunza kusoma ramani ya vyombo amezoea kuuliza kila mara: kimo hiki ni kutoka wapi, bahari ao ardhi?

Sababu ya kwanza: kujua mwenzako anapita wapi

Piloti wa macho anakaribia kiwanja kikubwa. Kwenye redio anasikia ndege ya abiria ikisema iko kwenye mstari wa mwisho wa kushuka kwa vyombo, maili 8. Kama hajui mstari huo unaanzia wapi, maneno hayo hayamsaidii kitu. Kama anajua, anageuza kichwa upande unaotakiwa na kutafuta taa. Maili 8 za anga ni karibu kilometa 15. Ndege inayokwenda kilometa 260 kwa saa inazimaliza kwa dakika tatu na nusu hivi.

Kuna jambo lingine linalodanganya zaidi. Pahali pasipo na rada, ndege ya vyombo inaweza kufika juu ya mtambo wa redio wa kiwanja, ikapita, ikaenda mbali kilometa kadhaa, kisha ikageuka na kurudi kushuka. Mtu anayeitazama kwa macho anasema: hii imekwenda zake, njia iko wazi. Kumbe iko inakuja. Hivyo hivyo kwa ndege iliyokosa kuona kiwanja: inapanda tena na kugeuka upande ulioandikwa kwenye ramani. Ndege ndogo iliyokuwa inangoja upande huo huo inajikuta njiani mwake.

Nairobi ilituonyesha mnamo tarehe 5 Machi 2024 namna anga yenye ndege za aina mbili inavyokuwa. Cessna 172 ya shule ya mapiloti iligongana na Dash 8 ya kampuni Safarilink karibu na kiwanja cha Wilson. Watu wawili wa Cessna walikufa. Dash 8, iliyobeba watu 44, iliweza kurudi na kutua. Ajali hiyo haikuhusu ramani ya kushuka. Lakini inatukumbusha kwamba ndege ndogo na kubwa zinapotumia anga moja, kila piloti anahitaji picha kichwani ya pahali mwenzake atakapotokea mbele ya kumwona.

Sababu ya pili: siku mawingu yanapofunga

Kila mkaaji wa Butembo anajua ukungu wa asubuhi. Unaondoka nyumbani, huoni hata kanisa la kilima cha pili. Wakati wa mvua, wingu linaweza kujaa bondeni kwa muda mfupi. Piloti aliyeondoka na hewa safi anaweza kukuta nyuma yake kumefunga na mbele kumefunga.

Nini kinampata mtu asiyefundishwa vyombo akiingia ndani ya wingu? Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilipima jambo hilo mwaka 1954. Mapiloti 20 wasio na mafunzo hayo waliwekwa katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza uongozi wa ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, hata dakika tatu hazikutimia.

Sababu yake iko mwilini. Sikio la ndani ndilo linalotuambia tumesimama wima ao tumeinama, lakini ndege ikigeuka polepole, sikio linazoea na kusema mambo ni sawa. Piloti anahisi amenyooka, kumbe bawa moja limelala na ndege inashuka kwa mzunguko. Anayekosa kuamini vyombo anafuata mwili wake, na mwili unamdanganya mpaka chini.

Ramani ya kushuka haiponyi hilo. Dawa ni mazoezi ya vyombo pamoja na mwalimu. Lakini ramani inampa mtu aliyenaswa kitu kimoja muhimu: kimo ambacho hakuna mlima. Anasawazisha mabawa, anapanda mpaka kimo hicho, anawaambia waongozaji wa ndege kwamba yuko ndani ya mawingu, anaomba msaada. Asiyekijua kimo hicho mara nyingi anafanya kinyume: anashuka ili aone chini. Na chini, huku kwetu, ni mlima.

Jirani zetu wamelipia somo hili. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi la Kenya iliyokuwa inapeleka viongozi kwenye mazungumzo ya amani iligonga kilima karibu na Marsabit katika hewa mbaya. Watu 14 walikufa, kati yao wabunge. Tarehe 5 Juni 2018, ndege aina ya Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea kwenye milima ya Aberdare iliyofunikwa na ukungu. Mabaki yalipatikana siku mbili nyuma ya hapo. Watu wote 10 walikuwa wamekufa. Safari zote mbili zilikuwa ndege ndogo na mlima ndani ya mawingu, kama zile tunazoziona zikipanda juu ya mashamba yetu.

Hatari ya kujua nusu

Sasa tuwasikilize wale wanaosema hapana, kwani hoja yao si ya kutupa. Wanasema: ukimfundisha piloti wa macho kusoma ramani ya vyombo, umemtia jaribu. Siku ya ukungu atatoa tableti, atawasha GPS, na atajiambia, «njia naiona hapa, nitashuka polepole tu». Ana karatasi, lakini mikono yake haina mazoezi, ndege yake pengine haina vifaa, na kiwanja anachokwenda pengine hakina njia rasmi. Wengine wanajitengenezea hata njia yao wenyewe: wanaweka alama ya kiwanja kwenye GPS na kushuka juu yake. Hakuna mtu aliyepima milima ya njia hiyo.

Hatari hiyo ni ya kweli. Tena ramani yenyewe inazeeka. Taarifa za viwanja vya ndege duniani zinabadilishwa kwa kalenda ya kila siku 28, na ramani ya mwaka jana inaweza kukosa antena ya simu iliyosimamishwa mwezi uliopita.

Na hata ujuzi kamili hautoshi. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya misaada ya kibinadamu aina ya Beechcraft 1900 iliyokuwa inakwenda Bukavu iligonga mlima karibu kilometa 15 kutoka mjini, hewa ikiwa mbaya. Watu 17 walikufa. Tarehe 26 Januari 2020 huko California, helikopta iliyombeba mchezaji Kobe Bryant na wengine iliingia ndani ya mawingu ikiwa kwenye safari ya macho. Piloti wake alikuwa na leseni ya vyombo, lakini kampuni ilikuwa na ruhusa ya safari za macho tu. Wote 9 walikufa. Wachunguzi wa Marekani walisema alipoteza mwelekeo ndani ya wingu, na kwamba pengine alijisukuma mwenyewe kuendelea ili amfikishe msafiri wake.

Lakini ukiyatazama mambo hayo vizuri, hayasemi kwamba ujinga ungewaokoa. Yanasema kwamba ujuzi bila kukubali kurudi nyuma hauna faida. Piloti asiyejua ramani kabisa naye anaingia ndani ya mawingu, ila yeye anaingia bila hata namba moja ya kumwambia apande mpaka wapi. Kwa hiyo somo linapaswa kufundishwa pamoja na mpaka wake, siku moja, na mwalimu mmoja: hivi ndivyo inavyosomwa, na hivi ndivyo usivyoruhusiwa kuitumia.

Sheria inataka nini?

Masharti ya kimataifa yaliyotoka kwenye Mkataba wa Chicago wa 1944 hayamlazimishi kila piloti awe na leseni ya vyombo. Lakini hayamwachi mtupu. Anayetaka leseni ya biashara ya kuongoza ndege anapaswa kupata saa 10 za mafunzo ya vyombo. Marekani wanamtaka hata piloti wa kibinafsi apate saa 3. Maana yake, dunia imeshakubali kwamba mtu wa macho anahitaji kuonja kidogo upande wa vyombo. Kinachobaki ni kusema kwamba kusoma ramani ni sehemu ya kuonja huko.

Hapa Kongo, sheria ya anga ya tarehe 31 Desemba 2010 ipo, na kazi zimegawanywa. AAC inasimamia usalama wa anga na leseni. RVA inasimamia viwanja na kuongoza ndege. Mettelsat inahusika na hali ya hewa. Mashirika yote ya ndege ya Kongo yako kwenye orodha ya marufuku ya Ulaya tangu 2006, kwa sababu ya mashaka juu ya usimamizi huo. Aibu hiyo haitaondolewa kwa hotuba. Inaondolewa kwa mambo madogo yanayofanywa kila siku.

Moja ya mambo hayo si la bei kali: AAC inapopima tena mapiloti wa ndege ndogo za mashariki, iwape ramani ya kiwanja wanakokwenda na kuwauliza maswali matano. Ndege ya vyombo itatokea upande gani? Ikikosa kutua, itageukia wapi? Kimo salama cha upande wa mlima ni kipi? Kiwanja kiko mita ngapi juu ya bahari? Na hewa ikifunga, wewe utakwenda wapi? Asiyeweza kujibu arudi darasani kwa nusu siku. Kwa upande wao, RVA na Mettelsat wanapaswa kumpa piloti taarifa ya kweli ya Mavivi na Rughenda mbele hajaondoka. Ramani nzuri pamoja na habari ya hewa ya kubahatisha bado ni kubahatisha.

Na sisi wasafiri?

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Ni nani hajasikia msafiri kwenye kiwanja akilalamika: «Hata mvua hainyeshi, mbona hatuondoki?» Mvua kutonyesha Beni hakusemi kitu juu ya wingu lililo njiani. Mkubwa mwenye haraka, familia yenye mgonjwa, mwenye mzigo wa kuoza, wote wanamsukuma piloti bila kujua. Kipindi cha Ebola, kati ya 2018 na 2020, ndege zilileta chanjo na waganga huku, na kila saa ilikuwa na maana. Hata hivyo chanjo iliyochelewa siku moja bado inafika. Ndege iliyogonga mlima haifiki.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kupanda ndege ndogo, mwulize mtu wa kampuni: hali ya hewa ya tunakokwenda ikoje saa hii? Kukifunga, tutarudi ao tutatua wapi? Kampuni yenye kazi safi inajibu bila kukasirika. Na piloti akitoka akasema, «Leo hatuendi, tungoje kesho», usimwite mwoga. Huyo amesoma milima yetu na kuielewa.